Usukani unalia ukikata kona? Soma hapa kabla hujanunua pampu

Unawasha gari asubuhi, unarudi nyuma kutoka getini, unakata usukani, na gari linalia kama nyuki waliofungiwa kwenye debe. Usukani ukikaa sawa, mlio unapungua. Ukikata tena, unarudi. Unapeleka gereji, fundi anasikiliza sekunde kumi, anafunga boneti na kukwambia: "Bosi, pampu ya stelingi imekufa hiyo."

Huenda yuko sahihi. Ila pampu inatakiwa iwe mtuhumiwa wa mwisho, si wa kwanza. Kabla yake kuna mafuta, mkanda, klipu, mipira na oringi moja ndogo ambayo watu wengi hawajui hata kama ipo.

Mimi hili nililijua kwa kulipia. Gari langu lilianza kulia hivyohivyo, nikaambiwa pampu, nikanunua ya mtumba, ikafungwa. Mlio ulipungua siku tatu. Siku ya nne ukarudi vilevile, nikaambiwa hata hiyo niliyonunua ni mbovu, nitafute nyingine. Fundi wa pili, mzee mmoja asiye na maneno mengi, alifungua kifuniko cha kikopo cha mafuta ya stelingi akaniita nitazame. Mafuta yalikuwa na povu, rangi ya waridi iliyopauka kama maziwa ya stroberi.

"Humu inaingia hewa," akasema.

Akafungua bomba linalopeleka mafuta kwenye pampu, akatoa oringi iliyokuwa bapa na ngumu kama plastiki, akaweka mpya. Ile oringi ilikuwa bei ya chai na chapati mbili. Gari likanyamaza, na pampu yangu ya zamani, ambayo haikuwa na tatizo lolote, nilikuwa nimeshaiacha kule gereji ya kwanza.

Kwanza, je, gari lako lina mafuta ya stelingi?

Swali la kijinga? Hapana. Magari mengi madogo tunayoendesha siku hizi yana usukani unaosaidiwa na mota ya umeme. Toyota Vitz na Passo ni mfano, na Premio za kuanzia 2007 pia. Hayo hayana pampu ya mafuta wala kikopo. Mtu akikwambia Passo yako inahitaji kubadilishwa mafuta ya stelingi, chukua ufunguo wako uondoke taratibu.

Fungua boneti utafute kikopo chenye picha ya usukani kwenye kifuniko, au maneno POWER STEERING. Kama kipo, mfumo wako ni wa mafuta na makala hii inakuhusu moja kwa moja. Kama hakipo, ruka mpaka chini kwenye sehemu ya usukani wa umeme.

Kuna na magari ya katikati, mfano Mazda Axela za mwanzo, ambazo zina mafuta lakini pampu inazungushwa na mota ya umeme, si mkanda. Kwa hayo, yanayosemwa hapa kuhusu mafuta na hewa ni yaleyale. Ya mkanda hayahusiki.

Mfumo unafanyaje kazi

Injini inazungusha mkanda. Mkanda unazungusha pampu. Pampu inavuta mafuta kutoka kwenye kikopo, inayasukuma kwa presha kwenda kwenye stelingi raki, na huko ndiko yanakokusaidia kusukuma magurudumu. Yakimaliza yanarudi kwenye kikopo. Chrysler Imperial ya 1951 ndiyo ilikuwa gari la kwanza la abiria kuuzwa madukani na pawa stelingi ya mafuta, na wazo lenyewe halijabadilika sana tangu hapo.

Presha yake si mchezo. Ukikata usukani mpaka mwisho inaweza kupita psi 1,000. Tairi yako ina psi 30 na kitu.

Sasa shika jambo hili moja, maana ndilo linalowapoteza watu. Mfumo una upande wa kusukuma na upande wa kuvuta. Upande wa kusukuma, ule wa bomba la chuma na mpira mgumu, ukitoboka mafuta yanaruka nje na utayaona chini. Upande wa kuvuta, ule wa mpira mnene unaotoka kwenye kikopo kwenda kwenye pampu, ukilegea hewa inaingia ndani, na huenda usione hata tone moja sakafuni. Ni kama kunywa soda kwa mrija wenye tundu: soda haimwagiki, ila unavuta upepo. Pampu ikivuta upepo badala ya mafuta, inalia.

Ndiyo maana mtu anakwambia "gari haivuji popote, kwa hiyo ni pampu". Hiyo hesabu haijakaa sawa.

Sikiliza mlio ni wa aina gani

Fanya hivi injini ikiwa ya baridi, asubuhi, sehemu tulivu. Washa gari, acha liwe sailensa bila kukanyaga mafuta, fungua boneti. Mtu mmoja akae ndani akate usukani taratibu kulia mpaka mwisho, kisha kushoto mpaka mwisho. Wewe sikiliza. Akifika mwisho asiushikilie pale zaidi ya sekunde tano, maana hapo pampu inasukuma mafuta yasiyo na pa kwenda na inapata moto haraka.

Mlio wa kuvuma, "mmmmm", unaopanda injini ikikanyagwa na kuongezeka usukani ukikatwa, ni wa pampu inayohangaika. Angalia neno: inayohangaika, si lazima iliyokufa. Mara nyingi inahangaika kwa sababu mafuta yamepungua, ni machafu, siyo ya aina yake, au yana hewa.

Mlio mkali wa kuchoma masikio, "kwiii", hasa ukiwasha tu au ukifika mwisho wa usukani, ni mkanda unaoteleza.

Sauti ya "ssss" usukani ukiwa umefika mwisho kabisa ni ya kawaida. Kuna vali ndani inayofunguka kupunguza presha, na hiyo ndiyo sauti yake. Achana nayo.

Sauti ya "kokoto kokoto" au "ko!" unapopita kwenye shimo au tuta, au usukani ukikatwa gari likiwa limesimama, haitoki kwenye pampu kabisa. Hapo tazama tairodi endi, boljointi, bushi za raki, au mpira wa juu wa shokapu. Hii usiichelewe. Boljointi ikichomoka barabarani gurudumu linalala, na hapo huna usukani tena.

Na ule mlio wa kusaga usiobadilika kabisa hata usukani ukatwe vipi? Hapo huenda ni beringi ya altaneta, ya pampu ya maji, au ya puli inayokaza mkanda. Vyote vimekaa jirani na pampu ya stelingi, na masikio yanadanganya. Fundi wa zamani anachukua bisibisi ndefu, anagusisha ncha kwenye chombo kimoja kimoja, mpini anauweka kwenye sikio. Inafanya kazi vizuri tu. Lakini kaa mbali na feni na mkanda, na usifanye hivyo ukiwa umevaa tai, kanga, mkufu au mikono mirefu inayoning'inia.

Mafuta: tazama kiasi, rangi na povu

Kikopo kina alama za MIN na MAX, au COLD na HOT. Kama injini haijawashwa, soma upande wa COLD. Vikopo vingine si vya kuona ndani, vina kijiti kwenye kifuniko: kifute, kirudishe, kitoe tena, kisome.

Kama yamepungua, yameenda wapi? Huu mfumo umefungwa. Mafuta ya stelingi hayachomwi kama petroli. Yakipungua yamevuja, ama taratibu ama haraka. Kuongeza ni sawa ili ufike nyumbani, lakini tafuta yanapotokea.

Rangi sasa. Magari mengi ya Toyota ya aina hii yanatumia ATF, yaleyale ya gia boksi ya otomatiki, na yakiwa mapya ni mekundu ya kung'aa. Yakiwa ya kahawia au meusi na yananuka kama yameungua, yamechoka. Chota kidogo kwa bomba la sindano, weka tone kwenye karatasi nyeupe au tishu. Ukiona vumbi linalometameta kama fedha, hicho ni chuma kinachosagika ndani, na hapo pampu yenyewe imeanza kujila. Ukiona weusi wa mpira, kuna mpira wa ndani unaomenyeka.

Povu au rangi ya maziwa maana yake ni hewa. Hapo usifikirie pampu kwanza. Fikiria upande wa kuvuta.

Mafuta gani yanaingia humo

Hapa ndipo watu wanapoua mfumo kwa mikono yao. Si kila pawa stelingi inakunywa ATF. Honda wana mafuta yao na wanasema wazi yasichanganywe na ATF. Magari mengi ya Ujerumani, kama BMW na Volkswagen, yanatumia mafuta ya kijani ya aina nyingine kabisa. Soma kifuniko cha kikopo, mara nyingi kimeandikwa. Kama maandishi yamefutika, soma kitabu cha gari, au uliza dukani kwa kutaja aina na mwaka wa gari. Usimjibu muuzaji "nipe yoyote".

Na jambo la hatari zaidi. Kikopo cha breki nacho kiko humohumo kwenye boneti, na kwenye magari mengine viwili hivi havijaachana mbali. Mafuta ya breki yakiingia kwenye stelingi yanaharibu sili zake zote. ATF ikiingia kwenye breki ni mbaya zaidi: sili za breki zinavimba, breki zinaanza kushika zenyewe au zinashindwa kushika. Ukigundua umekosea upande wa breki, usiwashe gari wala kulisukuma. Ita fundi alipo.

Mkanda

Zima injini. Tazama mkanda upande wenye mistari. Nyufa nyingi, vipande vilivyong'oka, uso unaong'aa kama umepigwa vanishi, au unyevu wa oili: vyote hivyo ni vya kubadilisha. Mkanda uliolowa oili usiupake sabuni wala poda ukaendelea nao. Zuia kwanza hiyo oili inakotoka, ndiyo uweke mpya, la sivyo utabadilisha tena mwezi ujao.

Kuna jaribio la maji ambalo ni zuri sana. Injini ikiwa inanguruma, rushia maji kidogo tu kwenye upande wenye mistari ukiwa umesimama mbali, kwa chupa yenye kitundu kwenye kifuniko. Mlio ukiongezeka, mkanda umelegea au umekwisha na unateleza. Mlio ukipotea kwa muda kisha ukarudi, huenda puli moja haijakaa kwenye mstari na nyingine. Kama maji hayabadilishi chochote, tafuta kwingine.

Magari ya zamani kidogo unakaza mkanda kwa bolti. Mengi ya sasa yana kikaza mkanda chenye springi kinachojikaza chenyewe, na hicho nacho kinachoka. Ukiona kinatetemeka sana injini ikiwa sailensa, ni dalili.

Njia ya uhakika ya kutenganisha watuhumiwa ni kuutoa mkanda kabisa na kuwasha injini kidogo. Mlio ukipotea, chanzo ni moja ya vitu vinavyozungushwa na mkanda huo. Mlio ukibaki, uko kwenye injini yenyewe. Lakini kwenye magari mengi mkanda huohuo unazungusha pampu ya maji, kwa hiyo usizidishe dakika moja. Ukishazima, zungusha kila puli kwa mkono. Inayokwaruza au kuyumba ndiyo yenye kesi.

Kumsaka huyo upepo

Anzia kwenye kikopo. Fuata mpira mnene unaotoka chini yake mpaka kwenye pampu. Minya kila sehemu. Mpira uliokauka ukawa mgumu kama bomba la plastiki haubani tena vizuri, hata klipu ikazwe vipi. Klipu za springi zinachoka. Badilisha kwa zile za kukaza na bisibisi, ni hela ndogo.

Mahali bomba linapoingia kwenye pampu ndipo ilipo ile oringi. Subaru na Honda za miaka ya 2000 zinajulikana sana kwa hili, mpaka mafundi wanaozijua wanaanzia hapo kabla hata hujamaliza kueleza. Oringi inakaa karibu na joto la injini miaka na miaka, inakuwa ngumu, inapoteza umbo lake la duara na kuwa bapa. Asubuhi wakati kila kitu ni baridi na kimesinyaa, upepo unapita. Injini ikipata moto, vitu vinatanuka, mlio unapungua. Kama gari lako linalia zaidi asubuhi kuliko mchana na mafuta yana povu, mimi ningeanza na oringi bila kuuliza mtu.

Kabla ya kufungua unaweza kujaribu hivi: paka grisi nzito kuzunguka kile kiungo, kisha washa. Grisi inaziba njia ya upepo kwa muda. Mlio ukipungua, umeshampata mwizi. Grisi si matengenezo lakini, ni kipimo tu.

Unapokwenda kununua, iwe Gerezani Dar es Salaam au Kirinyaga Road Nairobi, beba ile ya zamani mkononi, na mwambie muuzaji ni ya mafuta ya stelingi. Oringi za maji za fundi bomba zinafanana kwa macho, ila nyingine hazivumilii oili na joto. Saizi nayo isibahatishwe: nyembamba kidogo tu, umerudi palepale.

Kitu kingine kinachosahaulika ni kichujio cha ndani ya kikopo. Vikopo vingi vina wavu mdogo chini. Ukijaa uchafu, pampu inavuta mafuta kwa shida kama mtu anayenyonya uji mzito kwa mrija, na inalia vilevile ingawa mafuta yamejaa. Toa kikopo, kioshe kwa petroli au dawa ya kusafishia breki, kiache kikauke kabisa. Kama wavu umechanika au hautakati, badilisha kikopo.

Kubadilisha mafuta bila kwenda gereji

Njia ya polepole ambayo yeyote anaweza: nyonya mafuta yote ya kwenye kikopo kwa bomba la sindano kubwa, jaza mapya, washa, kata usukani kulia na kushoto mara kadhaa, zima. Endesha siku mbili, rudia. Ukirudia mara tatu au nne, karibu yote yatakuwa mapya. Huhitaji kufungua bolti hata moja.

Njia ya haraka ni kuchomoa mpira wa kurudisha mafuta kwenye kikopo, kuuelekeza kwenye chupa, kuziba tundu la kikopo, na kuendelea kujaza mapya huku msaidizi anakata usukani, mpaka yatoke safi. Hatari yake ni moja: kikopo kisikauke hata kidogo, maana ukiingiza upepo umejiongezea kazi. Mafuta machafu usimwage mtaroni. Mpelekee fundi anayekusanya oili chafu.

Kutoa upepo

Baada ya kufungua bomba lolote, upepo lazima utolewe. Kosa la wengi ni kuwasha injini mara moja. Pampu inauchapa ule upepo na mafuta pamoja kama mtu anayepiga mayai ya kimanda, na povu likishatokea linachukua muda kutulia.

Fanya hivi. Egesha sehemu tambarare, vuta breki ya mkono, weka vigingi nyuma ya magurudumu ya nyuma. Inua mbele kwa jeki, weka stendi. Usitegemee jeki peke yake. Jaza kikopo. Injini ikiwa imezimwa na ufunguo umefunguliwa kiasi usukani usijifunge, kata taratibu kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho, mara ishirini hivi. Viputo vitapanda kwenye kikopo na mafuta yatashuka, ongeza. Viputo vikiisha ndiyo uwashe, uache sailensa, ukate tena taratibu mara kadhaa. Ukiona povu, zima, kanywe chai, mafuta yatulie, urudie. Mlio mdogo kwa siku moja ya kwanza si wa kukutisha.

Basi lini pampu imekufa kweli?

Mafuta ni sahihi, ni safi, yamejaa, hayana povu, mkanda mzima na umekaza, kichujio kisafi, na bado inalia: ni pampu. Usukani mzito injini ikiwa sailensa lakini unakuwa mwepesi ukikanyaga mafuta: pampu imelika ndani, kama mkanda hautelezi. Puli yake inayumba ukiishika: beringi. Mafuta yanachuruzika nyuma ya puli: sili ya mbele, na hiyo kwa baadhi ya magari inauzwa peke yake, kwa hiyo uliza kabla ya kununua pampu nzima.

Ukinunua ya mtumba, izungushe kwa mkono dukani. Inatakiwa izunguke laini, yenye uzito kidogo, bila kukwaruza. Chungulia kwenye tundu la kuingizia mafuta: ukiona kutu, irudishe. Hata ikiwa nzuri, ifunge na oringi mpya, na safisha mfumo mzima kwanza. Vumbi la chuma lililoachwa na pampu ya kwanza litaitafuna na ya pili.

Usifanye haya hata kama una haraka

Usipapase bomba la presha kwa mkono kutafuta linapovuja injini ikiwa inanguruma. Mafuta ya presha hiyo yanapenya ngozi kama sindano, kidonda kinaonekana kidogo lakini ndani kuna madhara makubwa na ni cha kukimbiza hospitali. Tumia kipande cha boksi, au zima kabisa utazame palipolowa.

Usiendelee kuendesha gari linalorusha mafuta ya stelingi kwenye bomba la moshi. Yanashika moto. Ukisikia harufu ya kuungua na moshi mweupe unatoka mbele, simama pembeni, zima, toka nje.

Na mkanda ukikatika ukiwa kwenye mwendo, usukani utakuwa mzito ghafla na taa ya betri itawaka. Gari bado linakatika, ila kwa nguvu nyingi. Shika kwa mikono miwili, punguza mwendo, tafuta pa kusimama. Usitoe ufunguo gari likiwa bado linatembea, maana usukani unaweza kujifunga. Tena kama mkanda huo ndio unazungusha pampu ya maji, usijaribu "kujikongoja" mpaka nyumbani, utaua injini.

Kwa wenye usukani wa umeme

Hapa hakuna mafuta ya kuongeza. Mlio mwembamba wa mota ukikata usukani gari likiwa limesimama ni wa kawaida. Kugongagonga kwenye mguu wa usukani barabara mbaya kunaweza kutoka kwenye kiungo cha shafti au gia ndogo ya ndani iliyolegea. Ukiwa mzito ghafla na taa ya EPS au picha ya usukani yenye alama ya mshangao imewaka kwenye dashibodi, anza na betri na vituo vyake, maana umeme ukiwa mdogo mfumo unajizima. Kisha apimwe kwa kompyuta na fundi umeme. Asifungue chochote kabla ya kusoma kodi.

Baada ya matengenezo

Chukua kalamu ya maka, chora mstari kwenye kikopo mahali mafuta yalipo gari likiwa baridi, andika na tarehe. Angalia baada ya siku moja, wiki moja, mwezi mmoja. Yakishuka na hakuna tone chini, minya vile vifuniko vya mpira vyenye mikunjo kwenye ncha mbili za stelingi raki. Raki ikivuja ndani, mafuta yanajificha humo kabla hayajafika sakafuni, na ukiyakuta humo, kinachovuja ni sili za raki na si pampu.